Mama hakuanguka, lakini kompyuta imeona pingili ya mgongo wake imevunjika

SWALI

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Ninakuandikia kutoka Leicester, Uingereza, ninakoishi na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 71. Mama ni mwenyeji wa Tanga na alikuja kuishi nami baada ya baba kufariki dunia. Ni mtu wa kazi na ibada, asiyependa kulalamika, na kwa miaka mingi amesumbuliwa na pumu ambayo mara kwa mara imemlazimu kumeza vidonge vya prednisoloni, wakati mwingine kwa miezi mfululizo.

Mwaka huu alipatwa na kikohozi kizito kisichotaka kuisha, na daktari wetu wa familia akamwandikia kipimo cha CT cha kifua. Majibu yalisema kwamba mapafu hayana uvimbe wala dalili ya saratani, nasi tukamshukuru Mungu tukaendelea na maisha. Baada ya muda ikaja barua ya pili kutoka hospitali ile ile. Inaeleza kwamba picha zile zile zilipitishwa katika programu ya kompyuta inayotafuta mivunjiko ya uti wa mgongo, kwamba programu hiyo iliitilia alama pingili ya 12 ya kifua, na kwamba daktari bingwa wa mionzi aliyeitazama upya amethibitisha kuwa pingili hiyo imevunjika kwa kiwango cha wastani. Mama ametakiwa kwenda kliniki ya mifupa ili apimwe damu na kufanyiwa kipimo cha DEXA, yaani kipimo cha wingi wa madini katika mifupa.

Mama amekataa kwenda. Anasema hajaanguka wala kugongwa na kitu chochote, na kwamba mtu aliyevunjika mgongo hawezi kupika, kuswali na kupanda ngazi kama anavyofanya yeye. Ni kweli kwamba mgongo humuuma, hasa akisimama kwa muda mrefu jikoni, lakini maumivu hayo anayaita uzee. Marehemu bibi yetu alikuwa na kibiongo na aliishi miaka mingi, kwa hiyo mama anaona mgongo kupinda ni jambo la ukoo. Maumivu yakizidi humwita rafiki yake amchue kwa mafuta ya nazi, au hulala kifudifudi na kumwambia mwanangu wa miaka minane amkanyage mgongo.

Kaka yangu mkubwa, aliyeko Tanga, amezidisha ugumu. Amempigia mama simu na kumwambia kwamba mashine hizo zimefundishwa kwa miili ya Wazungu na haziwezi kuusoma mgongo wa Mwafrika, na kwamba huenda hospitali inatafuta wazee wa kuwafanyia majaribio ya dawa. Mimi siamini yote anayosema, lakini nina maswali yangu pia. Ikiwa daktari wa kwanza hakuuona mvunjiko huo, nitaaminije kwamba aliyaona vizuri mapafu? Je, hospitali ilikuwa na haki ya kuzipitisha picha za mama katika kompyuta bila kumuuliza? Nimesoma pia kwamba dawa za mifupa huoza taya, na kwamba lazima zimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, jambo ambalo sijui litakuwaje katika mwezi wa Ramadhani.

Tena mama mdogo, aliyebaki Tanga, naye ameanza kuinama mgongo na amepungua kimo. Kama jambo hili ni la kweli, yeye afanye nini huko aliko?

Nisaidie, kwa sababu nimekaa kati ya mama na kaka, na wote wawili ni wakubwa wangu.

Kitinda Mimba,
Leicester


JIBU

Marahaba, binti yangu, na mama umfikishie salamu zangu za heshima.

Mama aende kliniki, tena asisubiri. Silisemi hilo kwa kuwa kompyuta haikosei. Inakosea, nami nitakueleza inakosea wapi. Nalisema kwa sababu alama iliyowekwa na programu imetazamwa na daktari aliyesomea kazi hiyo naye akakubaliana nayo, na kwa sababu mambo mengine uliyoyaandika, yaani umri wake, vidonge vya prednisoloni, maumivu akisimama, kikohozi kizito na kibiongo cha bibi yenu, yote yanaelekea upande huo huo.

Nianze na lile ambalo mama analishikilia zaidi, kwamba hakuanguka, kwa maana hapo ndipo ulipo uzito wote wa barua hiyo. Mtu akianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika pingili, tunajua kilichoivunja, na mfupa wenyewe huenda ulikuwa mzima kabisa. Pingili ikivunjika bila anguko, maana yake mfupa umedhoofika kiasi kwamba kuinama kuokota kitu, kuinua sufuria ya wali au kukohoa kwa nguvu kunatosha kuuponda. Mfupa wa namna hiyo haukatiki vipande viwili kama mfupa wa mguu. Hudidimia, aghalabu upande wa mbele, na mgonjwa huendelea kutembea, kupika na kuswali huku akidhani ameteguka au amezeeka. Inakadiriwa kwamba takriban theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili haitambuliwi na daktari wakati inapotokea. Kwa hiyo mama kuweza kupanda ngazi hakuthibitishi kwamba mgongo wake ni mzima, na pingili ya 12 ya kifua, iliyopo mahali ambapo kifua kinakutana na kiuno, ni miongoni mwa zile zinazovunjika mara nyingi zaidi.

Prednisoloni ina sehemu kubwa katika habari hii. Dawa hiyo imewaokoa wagonjwa wengi wa pumu, wala simlaumu aliyemwandikia mama, lakini ikimezwa kila siku kwa miezi mitatu au zaidi huanza kuumaliza mfupa, na pingili za mgongo ni miongoni mwa mifupa inayoathirika mapema. Mama asiiache ghafla kwa kusikia hivi, kwa kuwa kuikatisha kwa ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu kunaweza kuhatarisha maisha. Andika tu, kadiri mnavyokumbuka, ni lini aliitumia na kwa muda gani, na karatasi hiyo muende nayo kliniki.

Sasa nije kwenye swali lako kuhusu daktari wa kwanza. Kipimo cha CT cha kifua hutoa mamia ya picha, na nyingi kati ya hizo humkata mgonjwa kwa upana, kuanzia mabegani kushuka hadi chini ya mbavu. Mkate wa boflo uliodidimia katikati, ukiutazama kipande kimoja kimoja, kila kipande utakiona cha kawaida. Ni mpaka uutazame mzima kutoka ubavuni ndipo utaona ulivyobonyea. Pingili iko hivyo hivyo, na daktari aliyeombwa kutafuta chanzo cha kikohozi huelekeza macho na akili yake kwenye mapafu, moyo na tezi za kifuani. Asipofungua picha za ubavuni na kuhesabu pingili moja baada ya nyingine, mvunjiko unaweza kumpita hata akiwa bingwa. Jambo hili linajulikana sana Uingereza, kiasi kwamba mwaka 2021 chuo cha madaktari wa mionzi cha nchi hiyo, Royal College of Radiologists, kilitoa mwongozo unaowataka wasomaji wa picha waitafute mivunjiko hii hata pale ambapo picha ilipigwa kwa sababu nyingine, waitaje waziwazi kuwa ni mivunjiko, na waeleze hatua inayofuata. Kuyasoma mapafu na kuusoma mgongo ni kazi mbili katika picha moja, kwa hiyo kupitwa na mvunjiko hakuonyeshi kwamba mapafu yalisomwa vibaya. Kama moyo wako hautulii, una haki ya kumwomba daktari wa familia aulize hospitali iwapo taarifa ya mapafu inahitaji kupitiwa upya.

Programu iliyotumika hufanya ile kazi ya pili bila kuchoka. Huzikusanya picha zilizokwisha kupigwa, hujenga mwonekano wa mgongo kutoka ubavuni, huitambua kila pingili, kisha hupima kimo chake mbele, katikati na nyuma na kukilinganisha na kinavyopaswa kuwa. Kipimo wanachokitumia madaktari wengi kilielezwa na Harry Genant na wenzake mwaka 1993: pingili iliyopoteza asilimia 20 hadi 25 ya kimo chake huhesabiwa kuwa na mvunjiko mdogo, asilimia 25 hadi 40 ni wa wastani, na zaidi ya 40 ni mkubwa. Barua yenu iliposema wastani ilikuwa na maana hiyo, kwamba kiasi cha robo hadi theluthi moja na zaidi ya kimo cha pingili kimepotea, na hicho si kiasi cha kupuuza. Mama hakupigwa mionzi ya ziada hata kidogo, kwa kuwa programu ilisoma picha zilizokuwapo. Wala teknolojia hii haikuzuka jana: mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliiruhusu programu ya kampuni ya Israeli iitwayo Zebra Medical Vision kwa kazi hii hii, na nchini Uingereza watafiti wa Oxford wamekuwa wakiipima akili mnemba ya aina hiyo ndani ya NHS, huduma ya afya ya taifa, kupitia mradi uitwao ADOPT.

Nakuja sasa kwenye makosa, na hapa nakuomba usome polepole. Programu inaweza kuona mvunjiko pasipo na mvunjiko. Wapo watu ambao pingili zao zilikua na umbo la kabari tangu ujana bila kuvunjika, na wapo ambao umri na kusagika kwa viungo vimezibadilisha pingili umbo. Mgonjwa akitikisika wakati wa kupigwa picha, vipimo navyo huyumba. Ndiyo maana haitoshi mashine kuweka alama, lazima daktari athibitishe, na kwa mama hilo limefanyika. Upande wa pili, programu inaweza kuupita mvunjiko ambao haujapunguza kimo cha pingili. Kwa hiyo mzee mwenye maumivu makali mapya ya mgongo asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kompyuta haikuonyesha kitu.

Lakini pungufu linalonishughulisha zaidi katika habari ya mama yako si hayo mawili. Programu hupima umbo. Haijui kilicholiharibu umbo hilo. Kwa mwanamke wa miaka 71 aliyetumia prednisoloni, udhaifu wa mifupa, ambao madaktari huuita osteoporosisi, ndio chanzo ninachokitegemea kwanza. Hata hivyo, mama amekulia Tanga, na mtu yeyote aliyekulia katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo kwa wingi anastahili kuulizwa kuhusu kifua kikuu cha mgongo. Ugonjwa huo unaweza kukaa mwilini miaka mingi kisha ukaibuka katika pingili huku mapafu yakionekana safi, na kwa kawaida hula pingili mbili zinazopakana pamoja na gegedu lililo kati yake, ilhali udhaifu wa mifupa huliacha gegedu hilo. Iko pia mieloma, saratani ya seli za uboho, ambayo huwapata watu wenye asili ya Afrika takriban mara mbili ya inavyowapata Wazungu, na ambayo mara nyingine huanza na pingili iliyoporomoka bila sababu. Sikuandikii haya ili usikose usingizi. Uwezekano mkubwa ni kwamba mama hana ugonjwa wowote kati ya hii miwili. Ninayaandika kwa sababu vipimo vya damu alivyoitiwa ndivyo vinavyoanza kuyatenganisha mambo haya, na yeye ndivyo anavyovikataa.

Mkifika kliniki, hakikisheni wanapima wingi wa damu, kalsiamu, vitamini D, kazi ya figo, viashiria vinavyopanda mwili unapopambana na ugonjwa au maambukizi, na protini za damu zinazotumika kuitafuta mieloma. Vitamini D ina uzito wake kwa mama aliyehama kutoka kwenye jua la Tanga kwenda Leicester, tena kama anajisitiri kwa mavazi, kwa kuwa ngozi nyeusi iliyofunikwa hupata kidogo mno katika majira ya baridi ya Uingereza. Mweleze daktari waziwazi kwamba mama amekulia Tanzania, na kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuugua kifua kikuu mtajeni. Kukiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito au maumivu yanayomwamsha usiku, ombeni kipimo cha MRI, yaani picha zinazopigwa kwa sumaku, ambacho huonyesha pia iwapo mvunjiko ni mpya au wa zamani.

Kuhusu DEXA, usikubali jambo moja. Kipimo hicho hutoa alama inayoilinganisha mifupa ya mgonjwa na ya kijana mwenye afya, na tangu mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani huhesabu alama ya -2.5 au chini yake kuwa ni osteoporosisi. Kwa mgonjwa aliyetumia prednisoloni, mfupa huvunjika hata alama ikiwa bora kuliko hiyo, tena pingili iliyodidimia huonekana nzito zaidi ya uhalisia wake kwa kuwa mfupa umeshindiliwa mahali padogo. Akiambiwa kwamba DEXA si mbaya sana kwa hiyo hakuna la kufanya, mwambie daktari kwa adabu kwamba mvunjiko umekwisha kutokea, na umuulize atafanya nini kuuzuia wa pili.

Huo wa pili ndio unaonifanya nikuharakishe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 uliwafuatilia wanawake waliopata mvunjiko mpya wa pingili, na takriban mmoja kati ya watano alivunjika pingili nyingine ndani ya mwaka mmoja. Pingili zikiporomoka moja baada ya nyingine ndipo kibiongo kinapotokea, mbavu zikakaribia nyonga, tumbo likabanwa na pumzi ikawa fupi, na kwa mgonjwa wa pumu pumzi si kitu cha kupoteza. Mtu wa namna hii yuko pia katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika nyonga kuliko wenzake wa rika lake. Sikuwahi kumwona bibi yenu, lakini kibiongo cha uzeeni mara nyingi ni pingili zilizovunjika bila mtu kujua, na kama mama anasema ni jambo la ukoo, basi hiyo ni sababu nyingine ya yeye kupimwa.

Kaka yako asidharauliwe. Swali lake kwamba mashine imefundishwa kwa miili ya nani ni swali ambalo wataalamu wenyewe huulizana, na si programu zote zilizojibu vizuri. Wengine wamelishughulikia: mwaka 2022 chama cha wataalamu wa radiolojia cha Amerika ya Kaskazini, RSNA, kilipoandaa shindano la programu za kutambua mivunjiko ya shingo, picha zilikusanywa kutoka taasisi 12 katika mabara sita, makusudi ili zisitoke kwa watu wa aina moja. Mnaweza kuiuliza hospitali jina la programu waliyoitumia na imepimwa kwa wagonjwa gani. Ila mwambie kaka kwamba kwa mama jibu halikuachwa mikononi mwa mashine, na kwamba upendeleo ninaouogopa zaidi umo vichwani mwa watu. Kwa wastani mifupa ya watu weusi ina madini mengi zaidi, na kutokana na hilo imeenea dhana kwamba osteoporosisi ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu. Dhana hiyo huwafanya madaktari wasiwapime mama zetu, nao mama zetu wasiombe kupimwa. Safari hii mashine imemwona mgonjwa ambaye dhana hiyo ingeweza kumficha.

Kuhusu majaribio ya dawa, mgonjwa haingizwi katika utafiti wa dawa kimyakimya. Ni lazima aelezwe kwa maandishi, apewe muda wa kufikiri na atie saini, na akikataa matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Soma tena barua, na kama inataja utafiti, piga simu uulize. Kuzisoma picha za mgonjwa kwa ajili ya matibabu yake mwenyewe ni sehemu ya huduma, kwa hiyo hospitali haikulazimika kumwomba ruhusa mpya. Kuzitoa kwa kampuni kwa madhumuni mengine ni jambo tofauti, na mnayo haki ya kuuliza kama limefanyika. Sheria ya Uingereza inampa mama haki ya kupata nakala ya picha na taarifa zake, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja na bila malipo.

Dawa za mifupa zinazotangulia kutolewa mara nyingi ni za kundi la bisfosfonati. Asidi ya alendroniki humezwa kwa kawaida mara moja kwa wiki, na katika utafiti wa mwaka 1996 wa wanawake ambao tayari walikuwa na pingili iliyovunjika, ilipunguza mivunjiko mipya ya pingili kwa takriban nusu katika miaka mitatu. Asidi ya zoledroniki hutolewa kwa dripu mara moja kwa mwaka, na katika utafiti wa mwaka 2007 ilipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 70 katika muda kama huo. Kuoza kwa taya kupo, lakini kwa wanaotibiwa udhaifu wa mifupa ni nadra sana. Hutokea zaidi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa. Mama amwone daktari wa meno kwanza, na kama kuna jino la kung'olewa ling'olewe kabla ya dawa kuanza. Figo nazo zipimwe, na kama ana kiungulia kikali au shida ya kumeza aseme, kwa kuwa kidonge hicho huweza kuunguza koo la chakula.

Ramadhani isiwe kizuizi. Kidonge cha wiki humezwa kwa maji matupu tumbo likiwa tupu, na baada yake mtu hukaa wima kwa angalau nusu saa bila kula wala kulala. Kwa aliyefunga, tumbo huwa tupu jua linapozama, kwa hiyo siku moja katika wiki mama anaweza kufungua kwa maji na kidonge, akaswali Magharibi akiwa kitini, kisha akala futari baada ya nusu saa. Apange hilo mapema na daktari au mfamasia wake, na akiona zito aulizie dripu ya mwaka.

Lipo la kufanya leo hii, kabla hata ya kliniki. Mtoto asimkanyage bibi yake mgongo tena, na rafiki asimchue kwa kugandamiza, kwa kuwa uzito wa mtoto wa miaka minane unatosha kuiponda pingili dhaifu. Mafuta yapakwe kwa mkono mwepesi, au awekewe chupa ya maji ya moto iliyofunikwa kitambaa. Asiinue mizigo kwa kukunja mgongo, na mpaka atakapoonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aswali akiwa kitini, ambapo dini imempa mgonjwa nafasi. Akipata udhaifu wa miguu, ganzi katikati ya mapaja, au akishindwa kuzuia au kutoa haja, piga simu ya dharura, 999, saa hiyo hiyo.

Namna ya kumwambia mama naiachia busara yako, ila ninakushauri usibishane naye mbele ya simu ya kaka. Mwombe kaka kwanza, kwa heshima yake kama mkubwa, asikilize habari ya kifua kikuu na ya mieloma, kwa kuwa mtu anayeogopa mashine huelewa haraka umuhimu wa kipimo cha damu, kisha yeye mwenyewe amwombe mama aende. Kliniki muombe mkalimani wa Kiswahili mapema. NHS hutoa huduma hiyo bila mgonjwa kulipa. Usitafsiri wewe, maana mama hatamweleza daktari mambo ya haja na ya usiku kupitia kinywa cha kitinda mimba wake.

Kuhusu mama mdogo, hahitaji akili mnemba wala CT ili kuanza. Kupungua kimo na kuinama kwa mtu wa umri wake kunatosha kumpeleka hospitali ya mkoa akapigwe eksirei ya mgongo kutoka ubavuni, na aombe daktari aandike waziwazi kama kuna pingili iliyovunjika, ngapi na zipi. Achunguzwe kifua kikuu, na kwa kuwa matibabu yake katika vituo vya umma Tanzania hutolewa bure, gharama ya dawa isimwogopeshe. Aende na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji, na kaka yako afuatane naye.